Kimya cha Kushonea Vifungo

Mume wangu akilala mchana nyuma ya duka langu la ushonaji, hukoroma hadi wateja wanacheka. Nimeshazoea. Kazi ya vifungo, inayotaka mkono uliotulia, naiweka kando mpaka anyamaze.

Leo pumzi zake zikawa fupi fupi, kisha kimya. Nikavuta gauni la mteja upesi nilishone vifungo. Mke wa mwanangu, nesi aliyekuja kututembelea, akanidaka mkono.

"Mama, baba hapumui!"

"Ndiyo kawaida yake huyo. Niache nishone."

"Kawaida gani? Koo limeziba! Mtazame kifua!"

Kifua kilihangaika kupanda, lakini puani haikupita hewa hata kidogo. Sindano ikanidondoka. Nikamrukia, nikamtikisa mabega.

"Koroma, mzee! Wateja na wacheke mpaka wachoke, wewe koroma tu!"