Gia ya Pili Mpaka Bendera

Kila asubuhi, kabla sijaenda shuleni kufundisha, niliteleka kahawa, nikatoka hadi bandani na kuipiga kiki pikipiki ya Shangazi Godelieve. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga ya kulia mwezi wa Januari, mguu wake haukuwa tena na nguvu ya kuiwasha. Yeye alisimama mlangoni na kikombe chake, akiisikiliza injini kama mtu anayesikiliza habari redioni, na kahawa ilipokwisha, aliizima. Hatukuongea. Mimi kuongea kunanipa tabu, na yeye alikuwa ameshalizoea hilo.

Ijumaa ile kahawa ilikuwa bado nusu kikombe Ami Staf alipoingia na kuizima injini kwa mkono wake.

Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Shangazi alimtazama mdogo wake, akautazama mkono, akangoja. Ami alitoa karatasi mfukoni na kuiweka juu ya kiti cha pikipiki. Ilikuwa orodha ya washiriki wa mashindano ya pikipiki kuukuu, yale yanayofanyika kila Septemba kwenye mchanga nyuma ya misonobari yetu, na ambayo Ami ndiye msimamizi wake. Jina la Shangazi halikuwamo kwenye mbio. Lilikuwa chini kabisa, kwenye mzunguko wa heshima. Huo ni ule wa Jumapili mchana, wazee wanapovikwa maua shingoni na kuendesha polepole nyuma ya bendi ya tarumbeta.

Ami alieleza kwa upole, kwa sababu ni mtu mpole. Alisema mambo ya daktari, ya umri, ya mchanga uliokuwa mzito mwaka huu kwa kukosa mvua. Alisema watu wangesimama na kumpigia makofi.

“Maua nitawekewa, Staf,” Shangazi alisema. “Sina haraka nayo.”

Walibishana mpaka nikachelewa shule. Shangazi hajawahi kushinda mbio zile hata mara moja, lakini katika miaka ishirini na sita hajawahi kushindwa kuzimaliza, na hilo ndilo alilokuwa akilishikilia. Mwishowe Ami alikubali kwa sharti moja: akipata shida yoyote njiani atasimamishwa kwa bendera nyeusi, na akisimamishwa, mwaka ujao na miaka yote itakayofuata atakuwa mtu wa maua. Shangazi alimpa mkono. Kisha akanigeukia na kuniomba kamba ya kiatu.

Sikuelewa mpaka nilipomwona akiifunga. Pikipiki yake ni ya Kiingereza, ya mwaka 1963, na gia yake iko mguu wa kulia, si wa kushoto kama za siku hizi. Ukikanyaga unapanda gia. Ukitaka kushuka, unainua kwa ncha ya kiatu. Kukanyaga aliweza. Kuinua, kwa nyonga ile, hakuweza. Basi alifunga kamba kwenye wenzo wa gia, akaipitisha kando ya tangi la mafuta na kuifanyia kitanzi cha kidole. Alipotaka kushuka gia, alipunguza mafuta na kuvuta kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi kwenye ukaguzi, Bwana Rombouts mkaguzi aliikodolea macho kamba ile kwa muda mrefu. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu, na harufu ya oili iliyoungua ilichanganyika na ya chipsi za kibandani. Lode Wuyts, anayekimbia kundi moja na Shangazi, alichungulia juu ya bega la mkaguzi akamuuliza Shangazi kama mwaka huu anashindana au anachunga mbuzi.

“Nachunga,” Shangazi alimjibu. “Na wewe usiende mbali, nitakufunga.”

Watu walicheka. Bwana Rombouts hakucheka. Alifungua kitabu cha kanuni akasoma ukurasa baada ya ukurasa kwa kidole. Kanuni zinakataza breki za diski. Zinakataza springi ndefu kuliko za zamani, na tangi la plastiki. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, kisha akabandika kibandiko cha kijani juu ya taa na kusema kwamba kamba ya kiatu, kwa kadiri anavyojua, ilikuwapo mwaka 1963.

Jumapili nilipangiwa kushika bendera kwenye kilima cha tatu, mahali mchanga ulipo mzito kuliko pote. Nilikuwa na bendera ya njano ya kuonya, bendera nyeusi ya kusimamisha, ubao wa kuandikia namba ya anayesimamishwa, na redio ya kuongea na Ami aliyekuwa kwenye mstari wa kumalizia, mkononi ana bendera ya miraba ya mwisho wa mbio tu. Miaka yote mitatu niliyofanya kazi ile nilifanya nilichoambiwa. Ami hupenda kuwaambia watu kwamba Veerle, yaani mimi, ndiye mshika bendera bora kwa sababu hana maneno.

Lode mwenyewe ndiye aliyempigia Shangazi kiki pale mwanzoni. Walipoachiwa, pikipiki thelathini ziliingia kwenye kona ya kwanza kwa kishindo, na moshi ukawafunika. Shangazi alitoka wa ishirini na mbili. Mzunguko wa kwanza alipita mbele yangu akiwa amesimama juu ya vikanyagio, kidole kwenye kitanzi. Wa pili vivyo hivyo. Mzunguko wa tatu, chini kidogo ya kilima, alivuta kamba na mkono ukarudi ghafla hadi kifuani. Kipande cha kamba kilibaki kikining’inia kidoleni.

Alikuwa gia ya pili. Angeweza kupanda ya tatu, ila asingeweza kurudi, na gia ya tatu kwenye mchanga ule ingeizima injini. Akabaki na ya pili. Injini ilipiga ukelele kwenye sehemu tambarare, na wote wakampita, mpaka akawa wa mwisho.

Redio ililia. Ami alisema nimwonyeshe nyeusi.

Nilichukua ubao nikaandika namba yake, kumi na tisa. Kisha nikamtazama anavyopanda. Hakuyumba. Alishika mstari wake pembeni, ukingoni kabisa, kama anavyopaswa kufanya mtu aliye polepole: asimkwepe anayekuja, ashike njia moja ili aliye nyuma ajue pa kupitia. Walioongoza walimfikia, wakapita kushoto kwake, na mmoja aliinua mguu kumsalimu. Hapakuwa na hatari pale. Palikuwa na mwanamke wa miaka sitini na saba aliyejua vizuri sana alichokuwa akifanya.

Niliiweka bendera nyeusi chini nikaikalia.

Redio ililia mara ya pili, sauti ya Ami ikiwa ya juu zaidi. Mara ya tatu alinitaja jina. Shangazi alipita tena, uso mwekundu ndani ya helmeti, akaiona mikono yangu mitupu. Hakupunguza mwendo. Mimi nilibaki nimekaa juu ya bendera.

Alimaliza akiwa wa mwisho, nyuma ya mshindi kwa mizunguko miwili. Aliyempungia bendera ya miraba alikuwa Ami Staf, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Baadaye walikuja kilimani, Ami na Bwana Rombouts na washika bendera wengine, miguu ikizama mchangani. Bwana Rombouts alitaka kujua kwa nini namba kumi na tisa haikusimamishwa. Nilisimama. Bendera ilikuwa pale nilipokalia, imekunjamana, na wote waliiona.

Ami aliitazama, akanitazama. Kabla sijafungua mdomo aliwaambia wenzake kwamba redio zile ni za zamani, mchanga huingia, mara nyingi hazisikiki. Kisha akaniuliza, polepole, akinipa njia: ilikuwa mbovu, sivyo, mwanangu?

Walikuwa watu saba. Wote waliningoja nitikise kichwa, maana hicho ndicho ninachofanya siku zote.

“Redio ni nzima, Ami,” nilisema. “Nilikusikia mara zote tatu. Sikuiinua bendera kwa sababu nilitaka amalize.”