Gitaa Halipandi

Tangu daktari ampasue koo, sauti yake ilishuka ngazi na haikurudi juu hata kuaga. Watu wakamwita Besi. Hakununa. Aliifuata sauti huko huko chini na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili. Nyuzi za kawaida, akizilegeza hivyo, zilining'inia kama kamba za kuanikia nguo na kuvuma kama nzi ndani ya chupa. Akazitoa zote, akafunga nene, akapanua kwa tupa vijifereji vinavyozishika kule shingoni mwa gitaa. Miezi miwili ikawa ndiyo kazi: shusha kidogo, imba, shusha tena. Mpaka siku moja gitaa likanguruma, meza ya cherehani chumbani mwake ikatetemeka, na sauti yake ikatulia kama mtu aliyerudishiwa kiti chake.

Kikwazo kilikuwa kaka yake, mwenye bendi ya familia na mwenye kinanda.

"Dada, mbona gitaa linaongea kama tumbo lenye njaa?" alimwuliza ukumbini, kwenye mazoezi ya Jumamosi. "Lipandishe. Wewe piga, wifi yako ataimba."

"Leo naimba mwenyewe."

"Kwa koo lipi?"

"Hili hili unaloliogopa."

Wifi yake akacheka kwenye maiki. "Mwache aimbe, baba watoto! Mimi nimechoka kupiga mluzi huko juu kama birika."

"Hapa tunafuata kinanda," kaka akakata maneno.

Besi akaenda kunywa maji. Aliporudi, alimkuta kaka amelipakata gitaa, ulimi nje, anagonga kinanda, anakaza kigingi cha uzi, anagonga tena.

"Nakusaidia tu..."

"Kaka, acha! Hizo nyuzi nene, hazivutwi mpaka huko!"

Ka! Kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa kikang'oka upande mmoja, kikainuka kama kucha iliyobanwa na mlango.

Kaka akajikuna shingo. "Samahani, dada. Basi leo pumzika."

"Nipumzike nimefanya nini?"

Akalichukua gitaa. Akalegeza vigingi kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, akipita pale alipopazoea, akaendelea kushuka mpaka kibao kikaacha kulia. Akapitisha dole gumba. Sauti ilitoka chini kuliko alivyowahi kuthubutu. Huko hata yeye alikuwa hajawahi kuimba.

"Hiyo si noti," kaka akasema, "hilo ni lori."

"Basi pisha njia."

Akaanza. Ubeti wa kwanza ulikwaruza, ukayumba, wifi akafumba macho kwa huruma. Wa pili ulikanyaga ardhi. Wifi akayafumbua, akashuka jukwaani, akakaa mstari wa mbele na kuvua viatu. Nyuma yao kaka alikuwa ameinamia kinanda, kidole kinatafuta kitufe kwa kitufe kuelekea kushoto, kwenye noti nzito.

"Uko wapi?" akanong'ona.

Besi hakugeuka. Alikuwa na ubeti wa tatu.