Stima Ikija

Kila asubuhi, saa moja kasorobo, Cornelius Ouko alivaa sweta mbili, akajifunga skafu shingoni, akatoka bwenini kwenda ghalani. Ilikuwa Julai ya mwaka 2004. Pale Matrah, mji wa bandari wa Waomani, watu walikuwa wameloa jasho kabla hata ya kunywa chai, na wenzake walimpita wakiwa na fulana zimewaganda mgongoni. Hakuna aliyemuuliza kulikoni. Wote walijua kwamba anachaji foklifti, magari ya kunyanyulia mizigo, kwa mikono, na kazi hiyo ina baridi yake.

Mambo yalianza na waraka. Kampuni yenye ghala la samaki wa barafu, karibu na bandari, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe mosi Juni foklifti zote ziwe za umeme, maana wateja wa ng'ambo walilalamika kuwa samaki wananuka dizeli. Zile kumi na mbili za zamani zikauzwa vyuma chakavu siku hiyohiyo. Mpya zikaja, zinang'aa, hazina kelele. Waraka ulieleza rangi yake, mwendo wake na adhabu ya atakayezikwaruza. Umeme wa kuzichaji utatoka wapi, haukusema. Ghala, bweni na vichochoro vitatu vya nyuma vilitegemea transfoma moja kuukuu, na foklifti kumi na mbili zilipochomekwa pamoja, mafeni yalisimama, viyoyozi vikakohoa, transfoma ikatoa moshi.

Siku ya tatu Cornelius alishika waya wa foklifti nambari tano ili auchomoe, na mshale wa betri ukapanda mpaka ukajaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Akashika nambari sita, nayo ikajaa. Msimamizi wake, Sleyum, alitazama, akafungua daftari la zamu, akaandika: *Kornelius, chaji.*

Sleyum alikuwa Muomani aliyezaliwa Unguja, mtu wa miaka hamsini na kitu, na ukimtoa Cornelius, ndiye peke yake aliyejua Kiswahili katika ghala lile. Urafiki wao ulizaliwa na kosa. Wiki yake ya kwanza kazini, miaka miwili nyuma, Cornelius aliingia ofisini mbio akasema, "Mzee, stima imepotea!" Sleyum akarukia dirishani kuitazama bahari. "Imepotelea wapi? Ina abiria?" Kwao Unguja stima ni meli ya moshi. Kwao Cornelius, Kisumu, stima ni umeme. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo Sleyum naye akawa anauita umeme stima, kwa utani, na kila Jumamosi alimletea rafiki yake halwa iliyofungwa na mkewe. Cornelius alimpenda mzee yule. Mtu aliye mbali na kwao humpenda upesi anayemwelewa.

Tarehe ishirini Juni Wilkister, mke wa Cornelius, alipiga simu kusema mama yake Cornelius amefariki, yuko mochari. Cornelius ndiye kifungua mimba, na wazee wa ukoo walikuwa wameshakata shauri: mama hazikwi mpaka mwanawe huyo atupe udongo wa kwanza.

Cornelius akaenda ofisini. Pasipoti za wafanyakazi zilikaa kwenye sefu, na ufunguo wa sefu ulikaa kwa Sleyum.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema Sleyum, na machozi yalimlengalenga kweli. "Lakini leo nkikuachia, foklifti zote khalas, na samaki wataoza. Stima ikija, ntakupa pasipoti yako kwa mkono wangu huu."

"Stima ikija?"

"Stima ikija. Wallahi."

Cornelius akatoka na moyo mweupe, maana transfoma mpya ilikuwa imeshaagizwa. Alimwambia Wilkister wasubiri wiki mbili tu. Kisha akachaji. Kila foklifti ilimtoa joto kidogo, na kufikia mwisho wa mwezi chai ilikuwa inapoa mkononi mwake kabla hajaifikisha mdomoni.

Tarehe nane Julai transfoma mpya ikafungwa. Mafeni yakazunguka, bweni zima likapiga makofi. Cornelius akaingia ofisini na begi lake.

"Stima imerudi, mzee."

Sleyum hakuinua kichwa. "Umeme ndo uliorudi. Mie nlisema stima. Stima chombo cha baharini, Kornelius, hata mtoto wa Unguja anajua. Tazama bandarini. Iko wapi?"

Mezani kwake kulikuwa na waraka mwingine: foklifti nane zaidi. Transfoma ya pili haikuagizwa, kwa kuwa Kornelius yupo, na zile za kwanza ataendelea kuzichaji yeye.

Cornelius alisimama pale na begi lake. Kazi ilikuwa ngumu, lakini si kazi iliyomuuma. Kilichomuuma ni kwamba katika mji ule wote neno lile lilikuwa lao wawili, na mzee alilichukua neno hilohilo akamfungia nalo mlango. Alirudi chini akashika nambari moja.

Wiki iliyofuata Wilkister alipiga tena. Mama ametoka mochari, alisema, amevaa gauni lake la kanisani. Amechoka kungoja, amechukua mkoba wake na kuondoka, na njia hakuuliza.

Jumatatu saa nne asubuhi stima iliingia bandarini. Ilikuwa na dohani ndefu nyeusi na moshi wa makaa, na wafanyakazi wa gati waliifunga kamba zake kama wanavyofunga za chombo chochote. Ilishusha abiria mmoja. Saa hiyohiyo foklifti nane mpya zilichomekwa, na transfoma mpya ikafa.

"Mzee," alisema Cornelius, "stima ile pale."

Sleyum alisimama dirishani kwa muda mrefu. Aliihesabu milingoti, akalisoma jina. Kisha akamgeukia kwa upole.

"Kornelius, wewe si Mkenya? Kwenu stima si umeme? Basi umeme umekatika. Stima haijaja."

Aliteremka mwenyewe kumlaki mgeni. "Shikamoo, mama," alisema, akampa halwa, akamchagulia pa kukaa ndani ya chumba cha baridi, juu ya sanduku la nguru, akiona kwamba kwa hali yake ndipo patakapomfaa. Halafu akamkumbusha Cornelius kwamba nambari tano inangoja.

Mama alimtazama mwanawe akiwa ameshika waya kwa mikono miwili, midomo imekauka kwa baridi. Akavua leso yake, akamfunika mabegani juu ya sweta.

"Tunaenda nyumbani lini?" aliuliza kwa Kijaluo.

Kwa Kijaluo pia neno lilikuwa lilelile.

"Stima ikija, mama," alisema Cornelius.

Mama, aliyekuwa ameshuka kwenye stima saa ileile, aliitikia kwa kichwa, akavuta miguu yake ili foklifti ipite.