Dari la Lumakanda

Wiki ya pili tangu wahamie Lumakanda, Awinja alipanda ngazi, akasukuma kibao cha dari, na harufu ikampiga puani hata akaziba mdomo kwa kitambaa. Juu ya vyumba alivyovipiga deki kwa siku mbili kulikuwa na mavi ya popo, yamerundikana kama pumba kwenye kinu cha kusagia. Ndani ya uchafu huo zilipita nyaya za stima, zimetafunwa na panya mpaka shaba ikaonekana, na mahali pamoja mbao ilikuwa imeungua ikawa nyeusi. Aliyewauzia nyumba alikuwa amepaka rangi mpya kila mahali isipokuwa huko.

Alishuka, akatapika kando ya mtaro, kisha akamweleza mumewe.

"Tutatengeneza polepole, Awinja," Chrispinus alisema bila kuinuka. "Kwanza Elvis anakuja leo mambo ya bima."

Elvis ndiye wakala aliyewakatia bima ya vyombo walipokuwa wamepanga Shianda. Kabla ya kuhama, Awinja alimpigia simu kumuuliza kama bima ile ingewafuata. Haikuwafuata. Ilikuwa ya vyombo vilivyo ndani ya nyumba ile tu, na mtu akiwa na nyumba yake mwenyewe anahitaji bima ya kuta na paa pia. Awinja, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alipenda mambo yakae sawa, alikuwa ameisubiri siku hii kwa hamu.

Elvis alifika saa saba. Alipiga picha ya nyumba akiwa langoni, kwa simu, kisha akaja moja kwa moja mezani. Alikula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, huku akijaza fomu, mafuta ya kidole gumba chake yakibaki kwenye karatasi.

"Hapa wanauliza hali ya nyaya za stima," alisema. "Naandika nzuri."

"Si nzuri. Panda ngazi uone."

Elvis akacheka. "Mimi sipandangi dari, mwalimu."

"Na moto ukitokea? Kampuni si itatuma mtu, aone tulidanganya, wakatae kulipa?"

"Inategemea nani ametumwa." Aliegemea mbele, akapunguza sauti. "Hiyo stima mbovu ni bahati yenu. Lipeni bima miezi sita, msiguse kitu. Halafu siku moja jikoni kunashika moto kidogo, mchana, mkiwa hamko. Mnapata dari mpya na mabati mapya. Tunafanyanga hivyo. Kuna mzee wa Chekalini nilimsaidia, sasa nyumba yake ni ya vigae."

Awinja alikuwa amesikia habari za nyumba hiyo sokoni. "Ile ambayo moto wake ulimchoma mama aliyekuwa akifua nguo humo?"

"Alipona," Elvis alisema, akinyonya mfupa. "Ni mikono tu."

Awinja alimgeukia mumewe, akingoja amfukuze mtu huyu. Chrispinus alitazama sahani yake. Kisha akachukua upawa, akamwongezea mgeni paja.

Awinja alikuwa amelala kitanda kimoja na mwanaume huyu kwa miaka kumi na minne. Aliitoa fomu chini ya mkono wa Elvis, akaichana vipande vinne.

"Maliza chakula uende," alisema. "Au nenda kabla hujamaliza. Itakuwa vizuri zaidi."

Elvis alipoondoka, Chrispinus alisema kwamba amemwaibisha mbele ya mgeni. Awinja alizima swichi kuu ya umeme na kumpigia Jepkemboi, fundi wa stima pale sokoni. Jepkemboi alipanda darini akiwa amejifunga leso puani, akashuka akitema mate, akasema hajui kwa nini nyumba ile bado imesimama. Alibadilisha nyaya zote. Wanaume wawili walizoa mavi ya popo siku nzima, wakajaza magunia tisa.

Wakati huo wote Awinja alimpakulia mumewe chakula, kisha akaenda kula chake nje. Siku ya tano Chrispinus alimfuata uani.

"Sikukubali, Awinja. Nilinyamaza tu."

"Ulimwongezea nyama."



Awinja alipanda gari kwenda Kakamega mjini, kwenye ofisi ya kampuni ile ya bima. Alijaza fomu mpya kwa mkono wake: popo, panya, mbao iliyoungua, jina la fundi aliyerekebisha. Karani alimwambia akiandika yote hayo atalipa zaidi kidogo, na lazima mkaguzi aje.

"Aje na nguo za kupanda darini," Awinja alisema.

Kisha akaomba karatasi nyingine, akaandika kila neno alilosema Elvis kuhusu Chekalini. Meneja aliisoma akiwa amesimama, akauliza kama kuna shahidi.

Kesho yake Chrispinus alikwenda naye kama shahidi. Alisaini chini ya jina la Awinja. Mwezi uliofuata, baada ya mkaguzi kupanda darini, bima ilitoka, na wakasikia Elvis amesimamishwa kazi. Chrispinus alileta habari hiyo akitabasamu, kama mtu anayesubiri kupongezwa. Awinja alimpakulia chakula, akachukua sahani yake mwenyewe, akatoka nayo nje.