Shuka Nyuma ya Rundo la Kokoto

Mama mkwe alikuja kwa mkaza mwana wake, fundi wa nguo, kutibiwa jicho. Jicho likapona, yeye akabaki. Chumba cha kushonea kikawa chake, cherehani ikasukumwa koridoni chini ya ndoo zake, na wateja wa fundi, wasiotaka kupimwa kiuno huku bibi anapita na taulo, wakahamia kwa jirani.

Safari ya hifadhi aliibuni mume. "Tukaone wanyama, mioyo itulie." Tangu getini mama mkwe kakalia kiti cha mbele, anasimulia jinsi mtoto wa dada yake alivyooa mwanamke anayejua kupika. Twiga wakapita, hakuna aliyewasifu.

Balaa lilianzia kituo cha wageni, mahali pekee paliporuhusiwa kushuka garini. Kilikuwa kinakarabatiwa: mabati pande zote, paa hakuna, milango hakuna, na bango kubwa la kuonyesha kitakavyopendeza kikiisha.

"Choo kiko wapi, baba?" mama mkwe akamuuliza msimamizi wa mafundi.

"Tumevunja."

"Na nyie mnakwenda wapi?"

Akaonyesha rundo la kokoto kwa kidevu. "Ila msiende mbali zaidi ya hapo. Kuna nyati."

Mume akajitia kusoma ramani. Mama mkwe, kabanwa hadi jasho linamtoka, akamgeukia mkaza mwana kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Njoo na shuka."

Bila shuka ingekuwa aibu, maana wapiga plasta waliokuwa juu ya jukwaa waliona mpaka nyuma ya kokoto. Mkaza mwana akavua shuka la kiti cha gari, akalitandaza kwa mikono miwili, akageuza uso. Akasikia magoti ya mama mkwe yakilia anapochuchumaa. Hapo shetani akamnong'oneza.

"Mama, unarudi kwako lini?"

Mama mkwe akaendelea na shughuli yake.

"Nauliza mapema, mikono haijachoka."

"Ohoo. Kumbe." Sauti ilitoka chini, haina haraka. "Unanitisha mie, nguo ziko magotini?"

"Nataka chumba changu. Taja siku."

"Sitaji. Achia."

Fundi akalegeza vidole. Shuka likashuka kidogo, na kule juu mtu akapiga mluzi. Palepale akalipandisha hadi puani.

"Wewe mwenye mluzi, kwenu huna mama? Tazama ukuta wako."

"Unaona?" mama mkwe akasema. "Huwezi. Nilikujua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana kwako nalala usingizi."

"Sikupendi, mama."

"Najua. Inua kona hiyo, inalegea."

Alipomaliza akajifunga taratibu, akampita kama anapita nguzo. Garini akaketi mbele, akamwambia mwanawe, "Kesho tupitie dukani. Chumba changu kinataka pazia zito. Mkeo atashona."

Fundi akaubamiza mlango wa nyuma hadi nyati wakainua vichwa.