Maji Matamu ya Emuron

Kutafuta dawa ya baharini ukiwa Isiolo ni kichekesho, na waliotucheka hawakuwa wachache. Hapa vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Lakini maabara ya chuo chetu ilikuwa na kazi hiyo, na mimi, Ivy Nakolong, ndiye niliyeifanya. Nilipokea tope la mikoko kutoka Kwale, nikalipanda kwenye visahani vya plastiki, nikangoja kuona kama kuna bakteria wa udongo ule anayeweza kuua bakteria wengine. Karwitha, tuliyesoma pamoja, alilichota maji yakipwa na kunitumia kwa basi, pamoja na mtungi wa maji ya bahari. Bakteria wengi wa huko wakikosa maji yao hawaoti.

Bakteria niliyetaka auawe nilijua alikotoka. Alitoka kwenye mguu wa kaka yangu. Emuron alianguka kutoka kwenye lori la mbuzi pale Ngaremara, mfupa ukavunjika, kidonda kikatunga usaha, na usaha ukakataa kila dawa iliyokuwepo hospitalini. Niliuchukua kwa pamba, nikaupanda, nikajaribu dawa zote mwenyewe. Hakuna iliyofua dafu. Emuron alimwita bakteria huyo "mdudu wangu", kama mtu anayemsema mbuzi wake mkorofi.

Nilimweleza mapema, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba hata nikipata kitu, mpaka kije kuwa dawa ya kumeza yeye atakuwa mzee. Alisema anajua. Alitaka tu kumwona mdudu wake akipigwa, hata mara moja.

Tope baada ya tope, hakuna kitu. Nilianza kuichukia hata harufu yake, harufu ya yai viza. Halafu asubuhi moja, kwenye kisahani kimoja, nikaona kitone cha rangi ya chungwa, kidogo kama punje ya wimbi, kimezungukwa na duara safi. Mdudu wa Emuron alikuwa ametanda kisahani kizima isipokuwa pale. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Nilimwita aje aone. Alikuja na magongo yake, akakaa kwenye kiti changu, akalitazama lile duara kwa muda mrefu. Akaniuliza huyu mgeni anatoka wapi. Nikamwambia anakaa mahali ambapo maji huondoka na kurudi kila siku.

"Inarudi yenyewe?" akauliza. "Bila mvua?"

Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, maana mito anayoijua yeye ikishaondoka imeondoka. Nikamwacha pale nikaenda hospitalini kumshikia foleni ya daktari.

Kisahani kile kisingedumu. Ukungu ulikuwa umeanza kukila upande mmoja, na friza yetu ya kuhifadhi bakteria ilikuwa imeungua umeme ulipochezacheza wakati wa mvua. Kesho yake nikatengeneza chakula kipya cha bakteria kwa maji ya mtungini, nikakichemsha, nikachota kitone chote kabla ukungu haujakifikia, nikakigawa kwenye visahani vipya. Nikangoja. Hakikuota kitu. Nikabadilisha joto, nikaongeza muda, nikavifokea visahani kama mwendawazimu. Vilibaki vitupu.

Nikampigia Karwitha anichotee tope lingine palepale. Akasema pale pamemwagwa kifusi, hoteli inajengwa, na mikoko yote imekatwa. Alinitumia tope la mahali pengine. Halikutoa lolote.

Daktari naye akasema mguu ukatwe juu ya goti, kabla usaha haujaingia kwenye damu.

Asubuhi ya upasuaji nilimkuta Emuron wodini ametulia kuliko mimi. Aliniuliza kama niliiona zawadi yake. Nikamuuliza zawadi gani.

"Ile siku uliniacha kwa maabara nilisikia kiu," akasema. "Nikaonja hiyo maji yako ya mtungi. Chumvi tupu, sista. Hata ile ya kisima ya Garbatulla ni afadhali. Nikamwaga. Ganya, yule wa kuuza maji, alikuwa anapita na mkokoteni ya punda, ametoka kuchota huko juu kwa chemchemi. Nikamwambia aoshe mtungi, ajaze. Mgeni ametoka mbali hivyo, ananipigania, halafu unampea maji ya chumvi?"

Hapa kwetu kila mtu huonja maji kabla ya kuyatumia; hata mtoto anakijua kisima kwa ulimi. Mimi ndiye niliyesomeshwa kwamba ndani ya maabara hakuna kuonja. Na mimi nina hasira za karibu, waulize walionikosea. Nilitaka kumwambia kwamba amemuua mgeni, yeye na wema wake. Lakini alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani, na mguu umechorwa alama ya kalamu pale utakapokatwa.

"Mgeni alikunywa?" akauliza.

"Alikunywa," nikasema.

"Na sasa wako wengi?"

"Wamejaa."

Akacheka, akalala chali. "Basi wakate tu," akasema. "Haijaenda bure."

Walimkata. Alipozinduka midomo ilikuwa imekauka, akaomba maji. Bomba la wodi lilitoa maji ya kisima, ya chumvi, akayatema. Nikarudi maabara. Mtungi ulikuwa bado chini ya meza, umebaki na maji kidogo. Nikayamimina kwenye chupa, nikampelekea, na nesi aliporuhusu nikamshikia kikombe.

Alikunywa polepole, macho amefumba.

"Umeonja?" akaniuliza. "Hii ndio maji."

Nikaonja. Yalikuwa matamu kweli. Nikamjazia kikombe kingine.