Mwalimu wa Kuonyesha Wazazi

Jumatatu moja ya Julai mwaka 2006, mapema asubuhi, Bi Thuwaiba alikuwa jikoni kwake Small Heath, mtaa wa Birmingham, akigeuza chapati, mlango wa kabati la chini ya ngazi ukafunguka. Akatoka mjukuu wake Asmahan, mikono imejaa vumbi la chaki. Asmahan alikuwa ameondoka Birmingham wiki iliyopita kwenda China, kusomesha Kiingereza kwa kipindi cha kiangazi.

"Bibi, kuna chai?"

"Ipo. Funga mlango kwanza, joto linaingia."

Asmahan akaufunga. Huko alikotoka ilikuwa mchana, na watoto walikuwa wamelala, vichwa juu ya madeski, kama ilivyo desturi ya skuli za huko baada ya chakula. Alikuwa ameingia stoo kutafuta ufagio. Nyuma ya mafagio akaona gunia la mchele la bibi yake, akalisogeza, akapita.

Akanywa chai akiwa amesimama, akakunja chapati mbili ndani ya karatasi, akarudi kazini.

Bi Thuwaiba alimsimulia jirani yake Bi Fadumo, Msomali wa Kismayu, walipokutana kwenye kituo cha basi cha Coventry Road. Bi Fadumo alisikiliza mpaka mwisho.

"Kabati langu mimi lina mita ya gesi tu," alisema. "Hebu muulize, huko vitambaa vipo vizuri?"

Vilikuwepo. Tangu siku hiyo nyumba ile ikachangamka kuliko wakati wowote tangu watoto wa Bi Thuwaiba walipooa na kuolewa. Kila asubuhi yeye alipokuwa akipika, Asmahan alitoka kabatini na habari mpya. Mara wanawake wazima kwa wazee wanacheza ngoma uwanjani kila jioni, kwa mistari kama askari, na wamemvuta na yeye. Mara watu wanakunywa maji ya moto katika joto lile, na mlinzi wa lango, mzee asiyejua neno la Kiingereza, humjazia chupa yake kila asubuhi bila kuombwa. Mara ameona duka la tambi la Waislamu wa huko, kijana mwenye kofia nyeupe anavuta unga hewani kama mtu anayekunja uzi wa tiara, na alipomwona na mtandio wake akamtolea salamu na kumwongezea nyama.

"Mashaallah," alisema Bi Thuwaiba. "Mpelekee maandazi kijana huyo."

Maandazi yakapelekwa. Ikarudi sahani ya tikiti maji.

Baadaye watoto nao wakaanza kuja. Walikuja wawiliwawili wakati wa mapumziko, wakivua viatu ndani ya kabati, na Bi Thuwaiba akawakalisha kwenye ngazi kama ndege juu ya waya. Kila mmoja alikuwa amejichagulia jina la Kiingereza. Alikuwepo Apple, alikuwepo Captain, na alikuwepo msichana mmoja mwembamba, msemaji kupita wote, aliyemsikia mwalimu wake akitaja alikozaliwa, akalipenda jina lenyewe, akajiita Birmingham.

"Birmingham, kula, mwanangu," Bi Thuwaiba alimwambia.

"Asante, Bibi. Lakini Captain amechukua kubwa."

"Captain! Rudisha."

Captain alirudisha. Asmahan, ambaye nyumbani aliitikia Kiingereza akisemeshwa Kiswahili tangu utotoni, sasa alikuwa akiwasomesha Kiingereza mchana kutwa na akija jikoni anataka Kiswahili tu. Bi Thuwaiba aliliona hilo, akalifurahia kimoyomoyo, asiseme kitu, asije akamtia haya.

Kitu kimoja Asmahan alichelewa kukisema. Alikisema siku moja akiwa anaosha kikombe chake, mgongo ameupa meza. Kazi ile aliipata kwa simu. Siku aliyofika, mkuu wa skuli, Bi Qiu, alikuwa amesimama kituo cha treni na shada la maua, akimtazama kila Mzungu anayeshuka. Asmahan alimwendea akamtajia jina lake. Bi Qiu alitabasamu, akamtazama mgongoni kama kuna mtu mwingine nyuma yake, kisha akampa maua.

"Si mtu mbaya, Bibi. Aliniletea feni yake mwenyewe chumbani. Ila anasema wazazi hawajazoea. Wakija wazazi, ananiambia nikae stoo."

"Stoo ya mafagio?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nauona sana mlango wako."

Bi Thuwaiba alizima jiko.

"Lakini itakwisha," Asmahan alisema, na sauti yake ikapanda. "Jumamosi ni siku ya kufunga kipindi. Kila mwalimu anapanda jukwaani na darasa lake, watoto wanaimba, mwalimu anatajwa jina na anapewa maua mbele ya wazazi wote. Nimemuuliza Bi Qiu, amesema sawa. Akishanitaja mara moja mbele yao, basi, watakuwa wamenijua. Mutakuja?"

"Tutakuja? Huulizi kama jua litatoka!"

Wiki ile nzima nyumba haikutulia. Bi Thuwaiba alikaanga visheti vya kutosha harusi. Bi Fadumo alikuja na dira mpya ya rangi ya machungwa, akaivaa, akaizungusha jikoni, akauliza kama Wachina watamwona kutoka nyuma ya ukumbi. Bi Thuwaiba alimwambia Wachina watamwona wakiwa Beijing. Watoto walipita kabatini wakiimba wimbo wao, wakisahau maneno, wakirudi mwanzo, na Birmingham akiwagombeza wote kwa lugha mbili. Asmahan alipiga pasi gauni lake la kijani mara nyingi mpaka bibi yake akaificha pasi.

"Utalitoboa."

"Bibi, nikijikwaa je?"

"Ukijikwaa utainuka. Mimi nitakuwa mbele hapo hapo."

Jumamosi asubuhi Bi Thuwaiba alikuwa amekwisha kuvaa na kujifukiza udi, anafunga visheti, kabati lilipogongwa kwa ndani. Akatoka Bi Qiu. Alikuwa mwanamke mdogo, nadhifu, kajawa na jasho. Alivua viatu, akainama, akampa mwenye nyumba kopo la majani ya chai kwa mikono miwili.

Bi Thuwaiba alimvutia kiti. Alimwona amechoka, akampa maji, na kwa kuwa alikuwa amesikia habari zao, aliyachemsha kwanza.

Wakati huo huo nje ya dirisha la jikoni alikuwa Des, mwosha madirisha wa mtaa ule, Mzungu wa Erdington mwenye nywele za rangi ya mchanga, anayemwita kila mtu *bab*, mkubwa kwa mdogo, kama wafanyavyo watu wa Birmingham wakimpenda mtu. Bi Qiu alimtazama jinsi anavyopanda na kushuka ngazi yake. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Yule bwana," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "ni wa hapa?"

"Huyo ni Des. Mtu mwema sana. Mwaka juzi nilipoumwa alikuwa akinitolea pipa la taka."

"Naomba uniazime. Nahitaji mwanamume wa kunisaidia jukwaani. Saa moja tu."

Kwa Bi Thuwaiba mgeni aliyevua viatu na kuja na zawadi hakuwa mtu wa kunyimwa. Akafikiri ni mambo ya kubeba viti. Alifungua dirisha.

"Des, njoo unywe chai. Halafu umsaidie huyu bibi, ana shughuli leo."

"Hakuna shida, bab," alisema Des, akashuka, akafuta mikono, akanywa chai, akala visheti vitatu, akamfuata Bi Qiu kabatini, ndoo yake mkononi. Aliinamisha kichwa kidogo kwa sababu ya ngazi.

Ukumbi wa skuli ulikuwa umejaa. Bi Thuwaiba na Bi Fadumo walipata viti vya mbele. Nyenze wa nje, wale wadudu wa kiangazi, walipiga kelele mitini kama mashine za kushona, na feni zilizunguka bila kupunguza kitu. Bibi mmoja wa Kichina aliyekaa kando alimwona Bi Thuwaiba anajipepea kwa mkono, akausogeza upepeo wake katikati ili uwapepee wote wawili, akampa na kiganja cha mbegu za alizeti. Bi Thuwaiba akampa kisheti. Wakatafuna wakitazamana kwa furaha.

Madarasa mengine yakapita. Kisha Bi Qiu akashika kipaza sauti, akatangaza, ukumbi mzima ukapiga makofi, pazia likafunguka. Watoto walikuwa wamesimama kwa mistari. Mbele yao alisimama Des, amevishwa koti jeusi linalombana mabegani.

"Huyo si wa madirisha?" aliuliza Bi Fadumo.

"Ndiye."

"Asmahan yuko wapi?"

Watoto walikuwa wameanza kuimba, na waliimba vizuri, kila neno mahali pake. Ila hakuna hata mmoja aliyemtazama Des. Vichwa vyote vilikuwa vimegeukia kushoto, kwenye ukingo wa pazia, na pale kwenye ukingo ulionekana mkono mmoja uliofunikwa na gauni la kijani, ukipanda na kushuka, ukiwaongoza.

Wimbo ukaisha. Des alipewa maua. Aliyatazama, akawatazama watoto, akatazama pale walipokuwa wakitazama, na shingo yake ikawa nyekundu. Akachukua kipaza sauti.

"Samahanini," alisema. "Hapa pamekosewa. Mimi sikuwafundisha kitu hawa. Mimi naosha madirisha. Mwalimu wao ni yule binti aliye nyuma ya pazia, na ndiye wa kupewa haya."

Bi Qiu alinyoosha mkono kutaka kipaza sauti, lakini Birmingham alikuwa karibu zaidi. Alikichukua, akakaza mgongo, akayatafsiri maneno yote kwa Kichina, bila kuacha hata moja, kwa sauti iliyofika mpaka milangoni.

Bi Thuwaiba akaushika mkono wa Bi Fadumo.

Kisha yakaja makofi ambayo hayakuwa yamesikika siku ile. Watu walisimama. Akina baba walitikisa vichwa kwa heshima. Bibi wa upepeo alifuta machozi, akamwita Birmingham aliyekuwa akishuka jukwaani, akamwambia maneno amfikishie mgeni wake.

"Anasema nini?" aliuliza Bi Thuwaiba.

Birmingham alikuwa amekunja uso. "Anasema, kwao mtu mwenye adabu akisifiwa hukataa. Anasema hajapata kuona Mzungu mwenye adabu kama huyu. Msomi mzima, na anajiita mwosha madirisha, na sifa zake anampa msaidizi wake."

"Mwambie ni kweli! Mwambie anaosha madirisha yangu mimi!"

Birmingham akamwambia. Bibi yule alicheka kwa upole, akampigapiga Bi Thuwaiba mkononi, akamwongezea mbegu. Alimwona na yeye ni mtu wa adabu.

Jukwaani, Des alikuwa amekwenda nyuma ya pazia na kumtoa Asmahan kwa mkono. Watoto walimzunguka, wengine wakimshika gauni. Alisimama wima, hakujikwaa. Bi Thuwaiba alipiga vigelegele, Bi Fadumo akapokea, na wazazi wakageuka kutabasamu, wakipendezwa na desturi hiyo. Mpiga picha alisubiri kwa adabu. Kisha akamwonyesha Asmahan kwa ishara, bila ukali wowote, asogee kidogo, asogee tena, amshikie mwalimu ndoo yake, ambayo Des alikuwa ameisahau kando ya jukwaa.

Waliporudi Small Heath, Des hakutaka kukaa. Aliyaweka maua yote ndani ya sinki la Bi Thuwaiba, akafungua maji.

"Nilijaribu, bab," alimwambia Asmahan.

"Najua, Des. Asante."

Alimaliza madirisha ya ghorofani kabla ya kuondoka, na siku ile hakupokea malipo.

Bi Thuwaiba alimkalisha mjukuu wake, akamvua viatu, akamkanda miguu kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo.

"Nami ndiye niliyemwazima," alisema. "Sema neno, nitaupigilia misumari mlango ule leo hii."

Asmahan alifikiri.

"Na watoto, Bibi?"

Misumari haikutolewa.

Kipindi cha pili kilianza Jumatatu. Picha ya Des ilikuwa imetundikwa juu ya lango, kubwa kama mlango wa gereji, na watoto wapya walikuwa wengi hata madeski yakaazimwa. Bi Thuwaiba alivuka na birika la chai, akakaa nyuma ya darasa, kwa kuwa alitaka kumsikia Asmahan akisomesha walau mara moja. Alisomesha vizuri. Alikuwa na subira, na mtoto akikosea alimpa nafasi ya pili kabla wenzake hawajacheka.

Katikati ya somo akaingia mama mmoja, amemshika mkono mtoto wake mpya. Alimtazama Asmahan aliyesimama mbele ya ubao na chaki mkononi, akauliza kwa heshima mwalimu yuko wapi.

Darasa zima likanyoosha vidole kumwonyesha. Birmingham alinyoosha mikono yote miwili.

Yule mama akatabasamu, akashukuru, akavuta kiti karibu na Bi Thuwaiba, akakaa kumsubiri, macho mlangoni.